Maswali Ambayo Jenerali Hakuuliza

Jina la Jenerali mstaafu Lwitiko Msomba lilitangazwa redioni saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, Sekela Mwanjisi akiwa jikoni kwa mama yake anamenya viazi. Mtangazaji alisema Rais amempendekeza awe Mshauri Mkuu wa Usalama wa Taifa, na kwamba ndani ya wiki mbili atafika mbele ya Kamati ya Upimaji. Hakuwa amemaliza kusoma, mama akapiga kigelegele kilichowafanya kuku wa jirani watawanyike.

"Umesikia? Lwitiko! Lwitiko wetu!"

"Nimesikia, mama."

Bi Tumpale alikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti yaliyomsumbua, lakini alitoka mbio hadi kwenye ua kumpa habari mama wa nyumba ya pili. Sekela alibaki na kisu mkononi. Alijua kitakachofuata, na alikuwa akikiogopa tangu wiki iliyopita, pale tetesi zilipoanza.

Hakukuwa na mtu wa nyanda za juu asiyejua jina lile. Miaka ishirini na tisa iliyopita, katika Vita vya Siku Tisa, watu elfu nne wa bondeni walikuwa wakikimbia kwa miguu ndani ya handaki la reli chini ya Mlima Lwanda. Jeshi la Ng'ambo, nchi ya jirani, lilikuwa limekwisha kupanga nzige wake juu ya vilima, mbele ya mdomo wa handaki. Nzige ni ndege ndogo za chuma zisizo na rubani, nyingi kiasi cha kuziba jua, na kila moja ilibeba baruti ya kutosha kumuua mtu mmoja. Serikali iliagiza majeshi yasubiri mazungumzo. Kanali Msomba, kijana wa miaka thelathini na mitano wakati huo, hakusubiri. Alirusha nyuki, ndege kama hizo za jeshi letu, wakakipiga kituo cha Mto Sira, mahali ambapo nzige wote walikuwa wakiongozwa. Nzige wakalala palepale vilimani kama mawe. Watu elfu nne wakatoka upande wa pili wakiwa hai.

Ndani ya kituo walikufa watu sitini na mmoja. Idadi hiyo nayo ilijulikana, ila ilitajwa kwa sauti ya chini.

Sekela alikuwa na umri wa miaka minane, na alitoka handakini akiwa ameshika upindo wa kanga ya mama yake.

Bi Tumpale alirudi jikoni akihema, akaketi kwenye kigoda.

"Basi ni wewe utakayempima," alisema.

"Ni mimi."

"Utampa mtihani mwepesi."

"Kazi yangu haiendi hivyo, mama."

"Kila kitu huenda hivyo, mtu akitaka." Akachukua kiazi, akakimenya kwa ganda jembamba kama karatasi. "Mimi sikuombi udanganye. Nakukumbusha tu kwamba yule mtu ndiye aliyetufanya tukae hapa leo tunamenya viazi."

Sekela akaendelea kumenya, maana hilo lilikuwa kweli tupu.

*

Jumatatu alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Nuruana Shebughe, mama mrefu mwenye sauti ya taratibu aliyewahi kuwa hakimu. Sekela alisimama mbele ya meza yake akaomba aondolewe kwenye kazi ile.

"Kwa sababu gani?"

"Nilikuwa ndani ya handaki, Mheshimiwa. Siwezi kumpima mtu aliyeniokoa."

Bi Nuruana alivua miwani. "Mdogo wangu wa mwisho naye alikuwemo. Sasa ana wajukuu wawili. Mjumbe mwenzangu, Mheshimiwa Urio, alipoteza mguu siku ya tano ya vita, na bila Lwitiko angepoteza na ule mwingine. Mpiga chapa wetu alizaliwa siku mbili baada ya mama yake kutoka mle ndani. Nikitafuta mwandishi asiyemshukuru mtu huyu, nitamtoa Ng'ambo?"

Sekela alivuta kiti, akaketi.

"Andika kwamba ulikuwa handakini, kwenye ukurasa wa kwanza, ili kila mjumbe asome," mwenyekiti akaendelea. "Halafu andika mtihani. Mwandishi anayejua yuko upande gani ananifaa kuliko anayedhani hana upande."

Sheria ya Upimaji ilitungwa mwaka mmoja baada ya vita. Waliokaa kuitunga walikuwa wamechoshwa na watu wanaosema mambo mazuri mbele ya Bunge, kisha wakiingia ofisini wanafanya mengine. Kwa hiyo waliamua kwamba mtu yeyote atakayeshika ufunguo wa nyuki apitie kwanza kwenye Chumba. Anasaini kwa hiari yake. Anachomwa sindano ya dawa inayoitwa ukungu, nayo inafunika kumbukumbu za siku mbili tatu zilizopita kwa muda wa saa tatu hivi. Akizinduka anakuta ofisi, ramani, simu, na wasaidizi wenye sare. Anaambiwa ameapishwa juzi. Anaamini. Kisha janga linaingia mlangoni, na wajumbe saba wanamtazama kutoka nyuma ya kioo.

Aliyekuwa akiandika hayo majanga ni Sekela. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka tisa, na alijua kwamba ugumu wake haukuwa kwenye kutunga hatari. Mwandishi haruhusiwi kuamua ukweli wa janga lake. Anatunga hali, kisha anatunga majibu kwa kila swali ambalo mpimwa anaweza kuuliza. Kila jibu linakaa kwenye bahasha yake ndani ya mashine, na linafunguka tu likiulizwa. Kamati haiangalii kama mpimwa alishinda au alishindwa, kwa kuwa hata mpumbavu huweza kubahatisha. Inaangalia alitaka kujua nini kabla ya kutenda.

Kwa Jenerali Msomba aliandika msafara wa magari arobaini na mawili. Magari yametoka Ng'ambo, yamezima mawasiliano, yanateremka kuelekea daraja la mpakani. Nyuma yao, kwenye kambi, nzige wamewashwa. Upande huu wa daraja upo mji wa Ikwela, na ni siku ya soko. Baada ya dakika kumi na moja msafara utaingia kwenye bonde lenye miamba ambako nyuki hawawezi kuufikia. Kuupiga ni sasa, au kuuacha uje.

Akaandika majibu mia moja na arobaini. Akiuliza nani wamo ndani ya magari, nyuki mmoja wa doria atapita juu na kupiga picha ya joto, na picha itaonyesha miili mingi, mingine mifupi. Akiuliza kama upande wa pili kuna mtu wa kuzungumza naye, simu ipo na mtu atapokea. Akiuliza kama soko linaweza kuhamishwa, atapewa dakika. Akiuliza kwa nini nzige wamewashwa, ataambiwa kwamba huwashwa kila Jumatano kwa ajili ya matengenezo, ingawa leo wamewashwa mapema kuliko kawaida. Hakuna jibu hata moja lililomaliza shaka yote. Alihakikisha hilo.

Siku ya tatu ya kuandika, mama yake alipiga simu kumuuliza amekula nini. Hakugusia habari za Jenerali. Alipokata simu, Sekela akafungua tena maandishi yake. Pale ambapo ofisa wa zamu anasubiri amri, akaongeza mstari mmoja: *Kuna jambo jingine ungependa kujua, afande?*

Kanuni ziliruhusu mstari wa namna hiyo mara moja tu. Kwa miaka tisa hakuwahi kumwandikia mtu yeyote. Aliusoma mara kadhaa. Alitaka kuufuta, akashindwa.

*

Jenerali alikuja kwenye Chumba asubuhi ya Jumatano ya wiki iliyofuata akiwa amevaa sweta la sufu lililofumwa kwa mkono. Alikuwa mfupi kuliko picha zake. Alimsalimia kila mtu kwenye korido, kuanzia mlinzi hadi wajumbe, na alipofika kwa Sekela akampa mkono.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Shikamoo, afande. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Usinihurumie."

Akaingia. Daktari akamchoma sindano. Baada ya robo saa macho yake yalibadilika, yakawa macho ya mtu aliye kazini. Ofisa wa zamu, kijana wa kike aliyefundishwa kuigiza, aliingia na kueleza habari za msafara.

Jenerali alisimama mbele ya ramani. Uso wake ulikaza, lakini mikono ilitulia. Nyuma ya kioo, Sekela aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa wapimwa wengine kumi na wanne. Mtu huyu hakuwa na hofu juu ya nafsi yake. Hakuwa akifikiria atasemwaje kesho.

"Watu wetu Ikwela ni wangapi?"

"Elfu tatu, afande. Na siku ya soko huongezeka."

"Muda?"

"Dakika nane na sekunde arobaini."

"Nyuki wako tayari?"

"Wako tayari, afande."

Alitazama ramani kwa muda wa pumzi mbili. Ofisa wa zamu akaufikia ule mstari, akausema vizuri, kwa upole, kama binti anayemuuliza baba yake.

"Kuna jambo jingine ungependa kujua, afande?"

Sekela aliweka kiganja kwenye kioo.

"Hapana," alisema Jenerali. "Wapige."

Zilikuwa zimebaki dakika saba na nusu. Kwenye skrini ya ukutani magari arobaini na mawili yakawa moshi. Jenerali aliitisha maji, akanywa, akaagiza zahanati ya Ikwela iandaliwe endapo nzige watapaa. Kisha akaketi, akafumba macho, na midomo yake ikawa inatikisika. Alikuwa akisali.

Dawa ilipomtoka, daktari alimweleza alipo. Hakushangaa. Aliuliza tu kama anaweza kupewa orodha ya maswali yote yaliyokuwa na majibu. Sheria ilimpa haki hiyo. Sekela mwenyewe ndiye aliyempelekea kurasa zile, naye akazikunja na kuziweka chini ya sweta, akaondoka bila kuongeza neno.

*

Mjadala ulifanyika Ijumaa, hadharani, ukitangazwa moja kwa moja nchi nzima. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Wengi walikuwa watu wa bondeni, na kwenye safu ya tatu alikaa Bi Tumpale, amevaa kitenge chake cha sikukuu, hamtazami bintiye.

Mheshimiwa Magesa, mjumbe aliyekuwa mwalimu wa historia, alianza. Alisema mtu mwenye majibu mia moja na arobaini mbele yake, akafungua matatu, si mshauri. Mshauri ni mtu anayemletea Rais kile ambacho Rais hakukijua. "Huyu hakutaka kujua. Alitaka kuhesabu watu wetu, kutazama saa, na kupiga. Tukimpa ufunguo, tutakuwa tumempa Rais bunduki nyingine, na bunduki Rais anazo."

Mheshimiwa Kisamo Urio aliinuka kwa mguu wake wa bandia, na ukumbi ukamtulia.

"Mwaka jana tulimpima profesa mmoja," alisema. "Mtu msomi, mpole. Alipewa dakika kumi na mbili. Aliuliza maswali hamsini na nane. Yalikuwa mazuri sana. Akiwa anauliza la hamsini na tisa, muda ukaisha, na mji wake ukateketea. Tulimkataa, na Mheshimiwa Magesa alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kumkataa. Sasa tumeletewa mtu anayetenda, tunamkataa pia. Tunamtaka nani? Malaika?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi nililala kwenye tope siku ya tano nikisikia nzige wakija. Sikuomba mtu wa kuuliza maswali. Nilimwomba Mungu aniletee Lwitiko Msomba, na aliniletea. Namshukuru Mungu kila siku ninapovaa kiatu kimoja."

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Bi Nuruana alisubiri yaishe, kisha akamwita mwandishi, maana sheria inampa kila mjumbe haki ya kumuuliza.

Urio ndiye aliyeanza. "Bi Sekela. Umeandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ulikuwa handakini. Waambie wananchi, uko hai kwa sababu gani?"

"Kwa sababu Jenerali Msomba hakusubiri."

"Unamshukuru?"

"Kila siku, Mheshimiwa." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Kuna jambo ambalo halimo kwenye ukurasa wa kwanza, nalo ni lazima mlijue. Nilimwongezea mstari. Ofisa wa zamu kumuuliza kama kuna jambo jingine, hilo sijawahi kumwandikia mpimwa yeyote. Nilifanya hivyo kwa sababu ya wema wake kwangu."

Minong'ono ilizuka. Magesa akainama mbele. "Kwa hiyo ulimpendelea?"

"Nilimpendelea, Mheshimiwa. Nilimfungulia mlango nikitamani aingie."

"Naye akasema hapana."

"Akasema hapana."

Bi Nuruana aligonga meza mara moja. "Hilo tutalishughulikia baadaye, na litaandikwa. Sasa mimi nina swali langu. Umemwona kwa karibu kuliko sisi. Tumpitishe?"

Sekela alitazama safu ya tatu. Mama yake sasa alikuwa akimtazama.

"Siku ile ya vita," alisema, "watu waliokuwa naye wanasimulia kwamba aliuliza swali hilohilo la Jumatano. Watu wetu ni wangapi? Akajibiwa elfu nne. Ndani ya hiyo elfu nne nilikuwemo mimi. Maisha yangu yote nimekuwa nikilipenda swali lile. Kuna mtu alisimama mbele ya ramani, akataka kunijua niko wapi, wakati wakubwa wengine wote walikuwa wakisubiri simu. Siwezi kumshukuru vya kutosha. Nimesoma shule, nimeolewa, nina watoto, na vyote hivyo vilianza na lile swali."

Akavuta pumzi.

"Lakini kwenye kituo cha Sira kulikuwa na watu ambao hakuna aliyewaulizia. Na Jumatano kulikuwa na magari arobaini na mawili. Mimi sijui nani walikuwemo, na nimeyaandika mwenyewe. Angeuliza, na bado angepiga, leo ningewaambia mpitisheni. Siogopi mtu anayepiga. Namwogopa mtu ambaye swali la pili halimjii, hata akikumbushwa na mtu anayempenda. Msimpitishe. Na nawaomba, mkimkataa, mmkatae mkiwa mmesimama."

Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye safu ya tatu, Bi Tumpale alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Sheria inampa mpimwa neno la mwisho. Jenerali Msomba aliinuka akiwa na zile kurasa mkononi, zimechakaa kwa kukunjwa. Alisoma bila miwani, akiziweka mbali na macho.

"Swali la nne: nani wamo ndani ya magari? Sikuuliza. La tisa: je, kuna njia ya kuwasimamisha bila kuwaua? Sikuuliza. La thelathini na moja: upande wa pili, nani ana mamlaka ya kupokea simu? Nilimjua. Tuliwahi kula naye meza moja kwenye kikao cha mpaka. Sikuuliza." Akashusha karatasi. "Wale sitini na mmoja wa Sira nawajua kwa majina. Kulikuwa na wapishi wanne. Kulikuwa na fundi aliyekuja na mkewe kwa sababu alikuwa mjamzito na hakutaka kumwacha peke yake. Niliyajua haya baadaye. Kila kitu nimekijua baadaye."

Akazikunja kurasa, akaziweka mezani.

"Siombi radhi kwa sababu ya handaki. Ikirudi siku ile, nitafanya vilevile, na haraka vilevile. Mkitaka mtu wa namna hiyo, mimi hapa. Wapo walioniambia tangu jana nijitoe kwa heshima. Sijitoi. Nikijitoa nitawapokonya kazi yenu, halafu mtasema hamkuwahi kuchagua. Pigeni kura."

Akaketi.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Watatu walimkubali, Urio akiwa wa kwanza, mkono wake ukiwa juu kabisa. Watatu walimkataa. Ikabaki ya mwenyekiti.

Bi Nuruana alichukua muda. Watu walisema baadaye kwamba alionekana amezeeka palepale kwenye kiti. "Mdogo wangu atanipigia simu jioni hii," alisema, "na sitajua nimwambie nini." Kisha akasimama, na wajumbe wote wakasimama pamoja naye, hata Urio, aliyejishikiza kwenye meza. "Jenerali, taifa linakushukuru. Kura yangu ni hapana."

*

Sekela alitoka kwa mlango wa nyuma kwa kuwa hakuwa tayari kukutana na watu wa bondeni. Kwenye ngazi za mawe zinazoteremka bustanini alimkuta Jenerali ameketi peke yake juani, sweta limekunjwa magotini. Alitaka kurudi ndani.

"Njoo ukae," alisema bila kugeuka. "Nasikia hatua za mtu anayetaka kukimbia. Nimezisikia nyingi."

Akaketi, ngazi moja chini yake.

"Afande, kuna neno nililitunza tangu nikiwa mtoto. Niliwahi kuandika barua mara tatu nikaichana. Asante kwa kutuokoa, mimi na mama yangu."

"Umelisema mle ndani."

"Mle ndani niliwaambia wao. Sasa nakuambia wewe."

Alikubali kwa kichwa, polepole. Mtunza bustani alikuwa akimwagilia maua upande wa pili, akijitahidi sana asiwatazame.

"Nikuambie kitu," Jenerali akasema. "Miaka ishirini na tisa watu wananishukuru. Sokoni, kanisani, hospitalini. Wananishika mkono, na kila mmoja akishanishukuru anaomba niendelee kuwa yule yule wa siku ile. Nchi nzima ilinipenda kwa kitu kimoja nilichofanya kwa dakika sita. Basi nikawa nakirudia. Mtu akipendwa kwa jambo fulani atajifunza lini jambo jingine? Leo ndiyo mara ya kwanza mtu amenishukuru kisha akaniruhusu nipumzike." Akakohoa, akatazama pembeni. "Kwa hiyo mimi nami nina asante yangu. Ipokee."

"Nimeipokea, afande."

"Na ule mstari wako." Akatabasamu kidogo. "Nilimsikia yule binti alipouliza. Nakumbuka sauti yake. Nilidhani ananipotezea muda."

Sekela alicheka, machozi yakamtoka palepale, akayafuta kwa mkono wa koti. Kutoka mlangoni alisikia mama yake akiliita jina lake, kwa sauti ambayo haikuwa ya hasira wala ya furaha, sauti tu ya mama anayemtafuta mtoto wake kwenye umati.

"Yule ndiye mama?" Jenerali aliuliza.

"Ndiye. Sijui kama atanisamehe leo."

"Aje tukae naye. Ngazi zipo za kutosha." Alisogea pembeni kumwachia nafasi. "Lakini kabla hajafika. Wale elfu nne wote waliniambia walivyookoka. Hakuna aliyewahi kuniambia mle ndani kulikuwaje. Wala mimi sikumuuliza mtu. Kulikuwaje?"

Sekela alifikiri. Mambo mengi yalimjia, lakini moja lilitangulia.

"Kulikuwa na kuku, afande."

"Kuku?"

"Bibi mmoja alikuwa amembeba kikapuni. Katikati ya giza, watu wanasali, watoto wanalia, yule kuku akataga. Akatangaza kwa sauti kubwa kama wanavyofanya wakitaga, na handaki lote likarudia mwangwi. Watu wakaanza kucheka. Mmoja, wawili, mwisho maelfu. Hatukujua kama tutatoka, na tulikuwa tunacheka. Bibi akanipa lile yai nilibebe kwa kuwa mikono yangu ilikuwa midogo. Lilikuwa la moto. Nilitembea nalo mpaka nje sikulivunja."

Jenerali alimkazia macho, mdomo wazi. Kisha kicheko kikaanza tumboni, kikapanda mabegani, mpaka ikambidi ashike ngazi kwa mikono miwili. Mtunza bustani aliacha mpira wa maji ukimwagika njiani.

Bi Tumpale alitokea mlangoni, akasimama, akiwatazama wawili wale bila kuelewa. Jenerali aliinuka haraka kama mwanafunzi, akampa mkono kumsaidia magoti yake kwenye ngazi ya kwanza.

"Shikamoo, dada yangu," alisema, sauti ingali imejaa kicheko. "Karibu ukae. Binti yako ananisimulia habari za kuku."

Bi Tumpale alimwangalia bintiye kwa muda mrefu. Halafu akakusanya kitenge chake, akaketi kati yao.

"Hakumbuki vizuri," alisema. "Yule alikuwa jogoo kwa sauti, ila kweli alitaga. Ngoja nikueleze mimi, tangu tulipotoka nyumbani."

Na akaeleza.